Kumpeleka mzazi mzee kuona bahari: maandalizi kwa familia za Karagwe na Kyerwa

Familia nyingi za Karagwe na Kyerwa zina mtoto anayefanya kazi Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar. Siku moja mtoto huyo anapiga simu: "Mleteni mama apumzike huku kwetu mwezi mzima, na aione bahari kabla macho hayajachoka." Bibi mwenyewe anafurahi. Ana miaka 74, anatumia dawa za presha, magoti yanamuuma, na hajawahi kufika mbali zaidi ya Bukoba. Wote wanakugeukia wewe, binti au mkamwana unayeishi naye, kwa sababu ndiwe unayejua anakula nini, anameza dawa gani na anaamka mara ngapi usiku.

Safari kama hii inawezekana, na kwa wazee wengi ni furaha kubwa. Lakini kutoka Kayanga au Nkwenda hadi pwani ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Wazee wengi hupata madhara kwenye safari yenyewe kuliko huko baharini. Makala haya yanaeleza mambo ya kufanya kabla ya safari, njiani, mkiwa pwani na baada ya kurudi.

Kwanza muulize mwenyewe

Wakati mwingine watoto hupanga kila kitu, mzee akaambiwa tarehe tu. Kaa naye mzungumze. Je, anataka kwenda kweli, au anakubali ili asimuudhi mwanawe? Anaogopa nini?

Wazee wengi wa kwetu wana hofu moja ambayo hawaisemi haraka: kufia ugenini, mbali na kibanja chao na makaburi ya watu wao. Usiicheke hofu hiyo wala usimwambie "acha kufikiria mabaya". Msikilize. Mweleze ni nani atakuwa naye, mtakaa siku ngapi, na kwamba akitaka kurudi mapema mtarudi. Mzee aliyesikilizwa husema mapema akijisikia vibaya. Aliyelazimishwa huficha maumivu ili asionekane msumbufu.

Nenda naye kliniki wiki nne kabla

Mpeleke pale anapohudhuria siku zote, iwe hospitali ya Nyakahanga, Isingiro, au kituo cha afya kilicho karibu nanyi. Mwambie mtoa huduma: "Tunasafiri hadi pwani kwa basi, tutakaa mwezi." Mwombe afanye haya:

- Apime presha, sukari na uzito, na asikilize moyo na mapafu.
- Aangalie miguu, hasa kama mzee ana kisukari. Kidonda kidogo kati ya vidole kinaweza kuharibika haraka kwenye joto na mchanga.
- Akupe dawa za kutosha siku zote za safari, na za wiki moja zaidi. Basi likiharibika au mkiamua kukaa zaidi, mzee asikose dawa.
- Akuandikie kwenye karatasi majina ya magonjwa yake, majina ya dawa na vipimo vyake. Ipige picha karatasi hiyo na kadi ya kliniki kwa simu.

Ahirisha safari kama mzee amepata kiharusi au shambulio la moyo katika wiki za karibuni, amefanyiwa upasuaji hivi karibuni, anahema akiwa ameketi tu, ana homa, ana kidonda wazi mguuni, au presha yake ni 180 kwa 110 au zaidi. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyeanza dawa juzi naye asubiri mpaka mtoa huduma aseme hawezi tena kuwaambukiza abiria wenzake. Bahari haihami. Mnaweza kwenda baada ya miezi miwili mkiwa na amani.

Uliza pia kuhusu malipo. Kama ana kadi ya bima, uliza inakubalika katika hospitali zipi huko mnakokwenda. Kama hana bima, kumbuka kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua kuwa mzee mtu wa miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Kama ana kitambulisho cha mzee kutoka halmashauri, kibebe pamoja na kitambulisho cha Taifa. Hata hivyo weka akiba ya fedha kwa dharura, maana ukiwa ugenini si kila dawa utaikuta dirishani.

Chagua miezi ya baridi

Karagwe na Kyerwa ziko juu milimani na hewa yake ni ya wastani. Mwili wa mzee umeizoea. Dar es Salaam, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana hupanda hadi nyuzi 31 au 32 na zaidi, na unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka. Mzee hasikii kiu haraka kama kijana, na mwili wake haupoi haraka. Baadhi ya dawa za presha huongeza tatizo hilo kwa sababu hutoa maji mwilini.

Wakati unaofaa zaidi ni Juni hadi Agosti. Masika ya Machi hadi Mei yamekwisha, jua la pwani limepungua makali, na usiku kuna upepo. Kwa familia nyingi za kwetu huo pia ni wakati wa mavuno ya kahawa, hivyo nauli hupatikana kwa urahisi zaidi. Ubaya wake ni kwamba kazi za shamba ni nyingi. Mpange mapema nani atabaki kuanika kahawa na kuangalia watoto.

Kata safari vipande vipande

Basi la moja kwa moja hadi Dar es Salaam hutumia siku nzima na usiku wake. Kijana hushuka amechoka. Mzee hushuka miguu imevimba, mgongo umekaza na akili imevurugika kwa kukosa usingizi. Kama fedha zinaruhusu, fikirieni njia hizi:

- Ndege kutoka Bukoba. Ni ghali, lakini humwokoa mzee saa nyingi za kukaa. Uliza mapema kama ndege inapitia Mwanza, na uombe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi.
- Basi kwa hatua. Laleni Kahama, kisha Dodoma. Kutoka Dodoma pandeni treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Ni safari ya saa chache, ina choo ndani, na mzee anaweza kusimama na kutembea kidogo.
- Basi moja kwa moja, kama hakuna namna nyingine. Basi chagueni viti vya mbele, karibu na mlango, kiti cha mzee kiwe cha upande wa njia ili aweze kunyoosha mguu. Msiweke mizigo chini ya miguu yake.

Shida ya choo

Hili ndilo jambo ambalo halisemwi, na ndilo linaloleta madhara mengi. Basi husimama porini, kondakta anatangaza dakika chache za kuchimba dawa. Vijana wanakimbilia vichakani. Bibi mwenye magoti mabovu hawezi kuchuchumaa, na anaona aibu mbele ya watu. Basi anaamua mwenyewe: hanywi maji tangu jioni ya kuamkia safari, na hamezi kile kidonge cha presha "kinachokojoza".

Matokeo yake ni mabaya. Damu inakuwa nzito, presha inapanda kwa kukosa dawa au inashuka ghafla kwa kukosa maji, na akisimama anapata kizunguzungu na kuanguka. Mkojo uliokaa muda mrefu huleta maambukizi. Kwa baba mwenye tezi dume iliyovimba, kubana mkojo saa nyingi kunaweza kuufunga kabisa.

Fanya haya:

- Zungumza naye wazi nyumbani kabla ya safari, mkiwa wawili tu. Kama wewe ni mkamwana na yeye ni baba mkwe, mwachie mwanawe wa kiume au mjukuu mazungumzo hayo.
- Muulize mtoa huduma kama dawa ya kutoa maji inaweza kumezwa saa nyingine siku ya safari, kwa mfano baada ya kufika mnapolala. Msiiache kwa uamuzi wenu.
- Beba nepi za watu wazima au vitambaa safi vya kutosha, khanga mbili, maji ya kunawa na mfuko wa taka. Kuvaa nepi njiani si aibu. Ni kama kubeba mwavuli.
- Mnyweshe maji kidogo kidogo, mafunda machache kila nusu saa. Asinywe kikombe kizima kwa mkupuo.
- Mwambie kondakta mapema, kabla ya kuondoka, kwamba una mzee na mtahitaji kusimama penye choo cha kukalia. Wengi husaidia wakiambiwa kwa heshima mapema, kuliko wakipigiwa kelele njiani.

Miguu isilale

Kukaa zaidi ya saa nne bila kusogea kunaweza kufanya damu igande kwenye mishipa ya miguu. Donge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Wazee, wanene, waliowahi kupata tatizo hilo na wenye saratani wako kwenye hatari zaidi.

Kila saa moja mwambie mzee akanyage visigino na kuinua vidole, kisha ainue visigino na kukanyaga vidole, mara 20. Asikunje mguu mmoja juu ya mwingine. Basi likisimama, ashuke atembee hata hatua chache. Mguu mmoja ukivimba, ukiuma na kuwa wa moto kuliko mwingine, usiukande wala kuuchua. Mpeleke hospitali. Akianza kuhema ghafla au kuumwa kifua, hiyo ni dharura.

Chakula na dawa njiani

Dawa zote zikae kwenye mkoba wako wa mkononi, kamwe si kwenye buti la basi. Insulini isigandishwe na isipigwe na jua. Iweke kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyopozwa kwa maji baridi na kukaushwa, au kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya chombo kinachopitisha hewa.

Mzee anayetumia insulini au glibenklamidi asitumie dozi kama chakula hakipo mkononi. Basi linaweza kuchelewa hotelini kwa saa tatu, sukari ikashuka. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa kali na maneno yasiyoeleweka. Mpe mara moja vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida, kisha chakula. Kama hawezi kumeza, usimtilie kitu mdomoni. Mkimbizeni kituo cha afya.

Beba ndizi zilizochemshwa, viazi, mayai ya kuchemsha na matunda. Epuka nyama ya mafuta na chipsi za njiani. Na usinunue dawa ya kichefuchefu dukani bila kuuliza. Baadhi yake humfanya mzee achanganyikiwe, aanguke au ashindwe kukojoa.

Mkifika pwani

Siku mbili za kwanza ni za kulala na kunywa maji. Ufukweni mtaenda siku ya tatu.

Joto. Mzee atoke kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 alasiri. Avae nguo nyepesi za pamba na kofia au mtandio. Kichwa kikianza kuuma, akichoka kupita kiasi, akipata kichefuchefu au kizunguzungu, mpeleke kivulini, mlegezee nguo, mpanguse kwa kitambaa chenye maji na mpepee. Ngozi ikiwa ya moto sana na maneno yakivurugika, hiyo ni hospitali moja kwa moja. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyeambiwa apunguze maji, ulizeni kabla ya safari anywe kiasi gani.

Mbu. Kagera kuna malaria na pwani ipo pia, kwa hiyo alale ndani ya chandarua chenye dawa. Lakini pwani kuna jambo jingine: homa ya dengi, ambayo imewahi kulipuka Dar es Salaam, kwa mfano mwaka 2014 na 2019. Mbu wake huuma mchana. Mzee akipata homa, apimwe kwanza. Asipewe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini ya kutuliza maumivu, kwa sababu kama ni dengi dawa hizo zinaweza kuongeza kutoka damu. Paracetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi. Kama aspirini ni dawa yake ya moyo ya kila siku, muulizeni daktari siku hiyo hiyo.

Chakula kipya. Madafu ni mazuri kwa wengi, lakini yana potasiamu nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo asiyanywe bila ushauri. Juisi ya miwa humpandisha sukari mwenye kisukari. Pweza na kamba aonje kidogo kwanza, maana kama hajawahi kuwala hamjui kama watamdhuru. Na samaki wa chumvi, mihogo ya kukaanga na achari vina chumvi nyingi kwa mwenye presha.

Lugha. Bibi anayezungumza Kinyambo siku zote anaweza kujikuta bubu katika nyumba ya wajukuu wanaojua Kiswahili tu. Anaweza kuumwa kifua akashindwa kukieleza. Hakikisha kila siku kuna mtu anayeongea naye lugha yake, hata kwa simu. Akienda hospitali, aende na mtu huyo. Weka kwenye mfuko wa nguo yake karatasi yenye jina lake na namba mbili za simu. Mzee anayeanza kupoteza kumbukumbu huvurugika zaidi kwenye nyumba ngeni, hasa jioni na usiku. Acha taa ndogo ikiwaka, muoneshe choo mara kadhaa, na funga geti.

Ndani ya maji

Bahari hupwa na kujaa, na kutoka maji kupwa hadi kujaa ni takribani saa sita. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa na kupwa zaidi, na watu wa pwani huita wakati huo bamvua. Waulize wavuvi saa za maji kabla ya kushuka. Mkikaa mbali kwenye mchanga wakati maji yamekupwa, yanaweza kurudi haraka kuliko mzee anavyotembea.

Mpeleke mahali penye mchanga mgumu na tambarare. Mshike mkono, mwingine awe upande wa pili. Maji ya kufika vifundoni yanatosha kabisa. Bora zaidi, mwekeeni kiti cha plastiki pale mawimbi yanapoishia, akae, maji yamfuate. Avae viatu vya plastiki vinavyobana, kwa sababu ya vipande vya chupa, makombe na viumbe wenye miiba. Mwenye kisukari asivue viatu hata dakika moja. Mchanga wa mchana unaweza kumuunguza bila yeye kuhisi.

Wengine watawaambia kwamba maji ya bahari hutibu miguu inayovimba, au kwamba mzee anywe kidogo kusafisha tumbo. Asinywe. Maji hayo yana chumvi nyingi na yanaweza kumpandisha presha na kumkausha mwili. Miguu kuvimba kunaweza kuwa dalili ya moyo au figo, na inahitaji kupimwa.

Kama pwani ni mbali mno

Kuna wazee ambao safari ya kilomita 1,300 si salama kwao, au familia haina fedha hizo. Ufukwe wa Ziwa Victoria pale Bukoba unafikika kwa saa chache, na mzee anarudi kulala kwake au kwa ndugu. Atasikia mawimbi, ataona maji yasiyo na mwisho, atakula samaki. Tofauti ya kukumbuka ni hii: maji ya ziwa yanaweza kuwa na vimelea vya kichocho, ambavyo havipo baharini. Kwa hiyo ziwani akae mchangani na kutazama, asiingize miguu majini.

Na wewe mlezi

Usijaribu kusafiri peke yako na mzee dhaifu pamoja na mtoto anayenyonya. Mtoto akilia na mzee akitaka choo kwa wakati mmoja, mmoja wao ataumia. Ama mtu mzima mwingine aende nanyi, ama subirini mtoto akue kidogo. Mkifika, ndugu mwenyeji achukue zamu ya usiku walau siku mbili kwa wiki. Mwambie kabla hamjaondoka nyumbani, isiwe jambo la kugombania huko.

Nenda hospitali mara moja ukiona

- Mdomo umepinda upande mmoja, mkono umelegea, au maneno hayatoki vizuri.
- Maumivu ya kifua au kuhema ghafla.
- Kuchanganyikiwa kulikoanza leo.
- Homa, au kutapika na kuharisha kunakomzuia kunywa.
- Kuanguka na kushindwa kusimama, hata kama anasema "si kitu".
- Kukosa mkojo tangu asubuhi hadi jioni.

Kwa ushauri wa afya unaweza kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Lakini kwa dalili hizi usisubiri kupiga simu. Ondoka.

Mkirudi nyumbani

Mpeleke kliniki ndani ya wiki mbili apimwe presha na sukari. Akipata homa au mguu kuvimba katika wiki zinazofuata, mwambie mtoa huduma kwamba mlikuwa pwani na mlisafiri kwa muda mrefu. Maneno hayo mawili yanaweza kumsaidia kupata tiba sahihi mapema.

Kisha mwacheni asimulie. Atakaa chini ya migomba na kuwaambia majirani kuhusu maji yenye chumvi yanayokwenda na kurudi.